Beni na Mashindano ya Nyimbo kutoka Pwani hadi Lualaba

Beni ni ngoma ya mashindano iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika nzima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Ilikuwa na tarumbeta, ngoma kubwa ya kufungwa tumboni, gwaride, sare na vyeo vya kuazima kwa wanajeshi, pamoja na nyimbo za Kiswahili zilizotungwa kwa ajili ya siku ile na mpinzani yule. Mpinzani alikuwa wa lazima. Chama cha beni kisichokuwa na upande wa pili kilikosa wa kumjibu na wa kumshinda, na hakikudumu. Kwa hiyo kila mahali beni ilipofika, ilifika ikiwa mbili.

Watu wa Maniema ya kusini, yaani nchi ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare, wana nafasi ya pekee katika historia hii, kwa kuwa walikuwa wakiishi pande zote mbili za ziwa kabla beni haijazaliwa. Nyangwe, katika ukingo wa kulia wa mto Lualaba, ilianzishwa na wafanyabiashara wa pwani kiasi cha mwaka 1860 kama kituo cha pembe za ndovu na watumwa. Msafiri wa Kiskoti David Livingstone aliifikia Machi 1871 na kukuta soko lililokutana kila siku ya nne, ambako wanawake wa vijiji vya pande zote mbili za mto walileta samaki, vyungu, mawese na kuku. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wenye bunduki wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbi waliufyatulia risasi umati wa soko hilo. Hesabu aliyopewa Livingstone na Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400 waliokufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Wasafiri wengine wa Kizungu walifuata: Cameron alifika 1874 na Stanley 1876. Wakati huo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, alikuwa ameshaifanya Kasongo kuwa makao yake.

Kutoka Nyangwe hadi Bagamoyo palikuwa na mwendo wa miezi, na mwendo wote ulikuwa wa nyimbo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa joho la rangi kali na manyoya kichwani, akifuatwa na mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na wapagazi wakaitikia. Misafara iliyokutana njiani ilishindana kwa sauti na kwa mwendo, na kuingia mjini kimyakimya kulihesabiwa aibu. Kwa njia hiyohiyo ya kwenda na kurudi, Maniema ilipokea Kiswahili, Uislamu, kilimo cha mpunga na kanzu, hata miji yake ikawa kama kipande cha pwani kilichopandwa katikati ya bara. Watu wake nao walitoka kwa maelfu kuelekea mashariki, wengi wakiwa mateka, wengine wakiwa wapagazi na askari. Ujiji ikawa karibu mji wao. Tabora walikuwako, Dar es Salaam walikuwako, na huko kote waliitwa kwa jina moja, Wamanyema, ingawa nyumbani walikuwa Wazimba, Wabangubangu, Wakusu, Wagenya na makabila mengine.

Utawala wa watu wa pwani juu ya Lualaba ulivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na ofisa wa Kibelgiji Dhanis: Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Nyangwe haikurudia tena ukubwa wake. Miaka hiyohiyo, kwenye mwisho wa pili wa njia ileile ya misafara, vijana wa pwani walikuwa wanaanza kuunda beni.

Pwani ilikuwa na desturi ya kale ya kugawanyika pande mbili na kushindana. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Pande hizo zilishindana kwa karamu, kwa mashairi ya kujibizana na kwa ngoma, na malenga wa upande mmoja alijua kwamba fumbo lake litafumbuliwa na malenga wa upande wa pili kabla ya wiki kwisha. Kilichoongezwa na miaka ya 1890 kilikuwa ni bendi. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi ya tarumbeta iliyopigwa na Wagoa, manowari za Kiingereza zilitia nanga na bendi zake, na Freretown, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kilikuwa na vijana waliofundishwa kupuliza tarumbeta. Ala zilikuwa mpya na mashindano yalikuwa ya zamani. Wanaoiona beni kuwa uigaji mtupu wa Wazungu wanasahau nusu hii ya pili, ambayo ndiyo iliyoipa uhai.

Mombasa ikagawanyika kati ya Kingi na Scotchi. Kingi walijinasibisha na mfalme, Scotchi na Waskoti, na hawa wa pili walifika uwanjani wamevaa hata sketi za Kiskoti. Wanawake wa mji nao walikuwa na mashindano yao ya lelemama, ambamo vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa nguo, kwa vyakula na kwa nyimbo za vijembe kwa miongo kadhaa. Kuna wanawake waliouza au kuweka rehani dhahabu yao ili chama kisishindwe. Wenye kutazama kwa nje waliita jambo hili ubadhirifu, na machifu, mashekhe na maofisa wa serikali wote waliwahi kulikemea. Hata hivyo, kwa mtumwa wa jana au mtoto wa mtumwa, ambaye hakuwa na ukoo wa kujivunia mjini, chama cha ngoma kilikuwa mahali pa kupata jina, cheo na watu wa kumzika. Gharama ile ilinunua heshima, na heshima ilikuwa haba.

Huko Tanganyika majina yalikuwa Marini na Arinoti. Marini walipendelea unadhifu na walijaa makarani, watu wa pwani na waliosoma kidogo. Arinoti walikuwa zaidi wafanyakazi wa mikono na wageni kutoka bara. Kila chama kilikuwa na matawi mji kwa mji, na kila tawi na Kingi wake, yaani mfalme wa chama, makanali wake, makapteni wake na waandishi wake. Matawi yaliandikiana barua. Mwanachama wa Marini wa Tanga aliyehamia Tabora alipokelewa na Marini wenzake, akapewa pa kulala na kusaidiwa kutafuta kazi. Mgawanyiko huu haukufuata kabila wala dini, na kwa sababu hiyo ulimwezesha Mmanyema wa Ujiji na Mzaramo wa Dar es Salaam kuwa upande mmoja dhidi ya jirani zao wenyewe.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilieneza beni kuliko kitu kingine chochote. Askari wa Wajerumani na askari wa Waingereza waliipiga kambini, na mateka waliibeba walikopelekwa. Wamanyema walikuwamo katika jeshi la Wajerumani kama askari. Upande wa pili, jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliteka Kigoma Julai 1916 na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, likiwa na wapagazi wengi mno, zaidi ya 200,000 kwa hesabu ya vita vyote. Katika Tabora hiyo askari na wapagazi wa Kongo walikutana na mji uliokuwa umeshazama katika beni, mji ambao wakazi wake wengi walisema Kiswahili kinachoeleweka Kasongo na Kabambare bila mkalimani. Wabelgiji waliendelea kuishika Kigoma hadi 1921.

Njia ya kurudia nyumbani ilikuwa rahisi kuliko ilivyowahi kuwa. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Wabelgiji iliunganisha Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na Kabalo kwenye Lualaba mwaka 1915. Kutoka hapo meli na kipande kingine cha reli, cha Kongolo hadi Kindu, vilishuka na mto kupitia nchi ya Maniema. Mwendo ambao kirangozi aliuhesabu kwa miezi sasa ulihesabiwa kwa siku. Beni ilisafiri na askari walioachishwa kazi, mabaharia wa ziwani, vibarua wa reli na wachuuzi, na katika miaka ya 1920 ilikuwa imeshafika Elisabethville, mji wa shaba wa Katanga, ambako Wamanyema walikuwa miongoni mwa wahamiaji. Kongo iliiita pia mbeni, na kwa jina hilo ilipita mpaka hadi migodi ya Rhodesia ya Kaskazini.

Mashindano yenyewe yalianza wiki nyingi kabla ya siku yake. Malenga alitunga nyimbo kwa siri, kwa maana wimbo uliovuja ungejibiwa kabla haujaimbwa. Mazoezi yalifanywa usiku, baada ya kazi, mbali na masikio ya wapinzani. Wanachama walichangishwa, mwenye cheo kikubwa alichanga zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya cheo. Barua ya mwaliko ilipelekwa kwa upande wa pili, nayo iliandikwa kwa adabu kubwa na ndani yake mna uchokozi. Siku ikifika, chama kilipita mitaani kwa gwaride, sare zimepigwa pasi, sogora wa ngoma kubwa mbele, na viongozi wakipigiwa saluti. Uwanjani nyimbo zilitaja mambo ya mji ambayo watu waliyanong'ona tu: deni la fulani, ulevi wa karani, ukali wa msimamizi wa kazi, uchoyo wa wapinzani kwenye karamu ya mwaka uliopita. Majina hayakutajwa, lakini fumbo lilikuwa jembamba na kila mtu aliona lilipoelekea. Tusi la wazi lilihesabiwa kuwa udhaifu wa mtunzi.

Hapakuwa na meza ya waamuzi. Pande mbili ziliweza kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji walitembea kutoka duara moja hadi jingine. Duara lililokonda lilikuwa limeshindwa. Au upande mmoja ulicheza leo na mwingine wiki ijayo, na hukumu ikatolewa polepole katika vibaraza, sokoni na kisimani, kwa kupima nyimbo za nani zilikuwa bado zinaimbwa na watoto. Hukumu ya namna hii haikuwa na rufaa, lakini pia haikuwa ya mwisho. Aliyeshindwa alijua kwamba atarudi, na kurudi kwake ndiko kulikoendeleza mchezo mwaka baada ya mwaka.

Vijijini, tarumbeta ilikuwa ghali na haikupatikana. Kando ya Ziwa Nyasa mafundi walichonga vibuyu, wakaviziba kwa utando mwembamba wa buibui, na mwimbaji alipovumia ndani yake ilitoka sauti ya kukwaruza iliyojaza nafasi ya shaba. Ngoma hizo, mganda na malipenga, zilibaki na gwaride na vyeo vya beni, na vijiji viliendelea kutembeleana na kushindana muda mrefu baada ya beni ya mijini kufifia. Ni moja ya sura nzuri kabisa za historia hii: jeshi lote la kuazima limeumbwa upya kwa mali ya shamba.

Nchi ya Wasukuma ina mfano ulio mkongwe zaidi wa mashindano ya pande mbili, na Wasukuma kama Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia ya Maniema. Wachezaji wao wamegawanyika tangu karne ya 19 kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyofuata majina ya waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa kila upande huingia uwanjani na kundi lake, na makundi mawili huimba kwa pamoja hatua chache baina yao. Mshindi ni aliyevuta umati. Kwa kuwa umati ndio hakimu, kila kundi hutafuta dawa ya mvuto, samba, na kila kundi hubuni jambo la kushangaza macho: chatu mabegani, vichekesho, sanamu za mbao zinazocheza. Kanisa Katoliki lililiona hilo mapema. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement kutoka Kanada aliingiza ngoma za Bagika na Bagalu katika sikukuu ya Ekaristi, na tamasha la Bulabo likawa uwanja wa mashindano ambao vikundi vya vijijini hujiandaa kwa mwaka mzima.

Serikali za kikoloni ziliitazama beni kwa wasiwasi. Mara baada ya vita maofisa wa Kiingereza walichunguza kama vyeo, barua na sare vilificha njama, wakihofia hasa umoja wa Waislamu. Walichopata kilikuwa vyama vya kusaidiana na kushindana. Wabelgiji walikuwa wagumu zaidi, na Katanga chama chochote chenye matawi yaliyovuka mipaka kilitiliwa shaka. Shaka hiyo iliongezeka mwaka 1935, wachimbaji wa Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma Mufulira, Nkana na Luanshya, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya. Tume iliyochunguza mgomo iliuliza habari za mbeni, kwa sababu ngoma ilikuwa mojawapo ya njia chache zilizowaunganisha watu wa migodi tofauti. Kama mtandao wa nyimbo uliweza kupitisha mwaliko wa karamu, uliweza pia kupitisha habari za mgomo.

Mwaka 1951, hukohuko Luanshya, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela ya vijana wa Kibisa, mjukuu wa mbeni, na kuandika kitabu chake cha 1956 juu yake. Kundi lilikuwa na mfalme, daktari aliyevaa joho jeupe, na nesi aliyepita kati ya wachezaji na kioo na leso ili wajitazame na kujifuta jasho. Hapakuwa tena na Marini wala Arinoti. Wapinzani sasa walikuwa makabila, na nyimbo zilitania desturi za kila mmoja. Desturi ya pande mbili ilikuwa imebadilika kulingana na mji mpya, ambao watu wake walitoka kila kona.

Sambamba na beni, aina nyingine ya mashindano ilikuwa inakua, nayo ilikuja na hakimu wake. Uskoti chama cha An Comunn Gàidhealach, kilichoundwa 1891 kuitetea lugha ya Kigaeli, kilifanya tamasha lake la kwanza la mashindano, Mòd, mjini Oban mwaka 1892. Kwaya huimba wimbo uliopangwa na wimbo wa kuchagua, na waamuzi hutoa alama mbili zilizotengana, za muziki na za lugha, kiasi kwamba kwaya yenye sauti nzuri inaweza kushindwa kwa matamshi. Kwaya za vijijini zimetengewa vikombe vyao ili zisipambanishwe na kwaya kubwa za Glasgow. Utaratibu wa jinsi hiyo ulifika Afrika Mashariki kwa mikono ya Waingereza: Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na baadaye likawa uwanja wa shule na kwaya za nchi nzima. Makanisa ya Tanganyika nayo yalianzisha mashindano ya kwaya yenye wimbo wa kupangiwa na wimbo wa hiari.

Kwa kwaya ya kijiji mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Karatasi ya alama ililinda wanyonge: kikundi kidogo kisicho na ng'ombe wa kuchinja wala fedha za sare kiliweza kushinda kwa kuimba vizuri tu, jambo ambalo beni haikuliruhusu mara nyingi. Ila wimbo wa kupangiwa haumjibu mtu. Watunzi waliozoea kumchoma mpinzani kwa fumbo walijikuta wanaimba noti zilizoandikwa na mwingine, mbele ya hadhira iliyotakiwa kukaa kimya, na sifa iliyokuwa ikitolewa na soko zima sasa ilitolewa na watu wawili au watatu wenye kalamu. Usawa ulipatikana, na majibizano yakapotea. Ni hasara kubwa, kwa kuwa katika majibizano ndimo mji ulimojisema wenyewe.

Beni ya mijini ilianza kupungua katika miaka ya 1930. Vijana walihamia dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa 1932, na bendi nyingine zikafuata zikiwa na ushindani uleule wa kuvutana mashabiki. Mpira wa miguu ulichukua sehemu nyingine, na Dar es Salaam ikapata jozi yake mpya kwa Yanga ya 1935 na Sunderland ya 1936, ambayo sasa ni Simba. Vyama vya ngoma vya wanawake vilidumu zaidi, na umuhimu wao ulionekana 1955, chama cha siasa cha TANU kilipomtafuta mtu wa kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam. Kilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipita kwa viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, mahasimu wa kikundi chake wakiwamo, na kwa muda mfupi maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Mtandao ulikuwa tayari. Mashindano ndiyo yaliyoujenga.

Maniema ya kusini ilipitia mabadiliko yake. Waislamu wa Kasongo walipokea tarika ya Qadiriyya kutoka upande wa Ujiji wakati wa utawala wa Wabelgiji, ambao waliitilia shaka kama walivyoitilia shaka beni, na zikri na maulidi vikawa nafasi kuu ya kuimba kwa pamoja. Kwa Wakatoliki nafasi hiyo ilishikwa na kwaya za misheni. Kasongo ilipata vikariati yake 1952 na kuwa jimbo 1959. Njia za kuimba zilitengana kwa dini kuliko ilivyokuwa zamani za vyama viwili, ambamo Mwislamu na Mkristo waliweza kuvaa sare moja. Kiswahili kilibaki lugha ya zote mbili, katika msikiti wa Kasongo na katika kanisa lake, lugha ileile iliyoletwa Nyangwe na misafara.